Duara Jeupe la Buibui Mchanga

Watoto, leo nawaomba msogee karibu kabisa, maana nitakayoyasema mnaweza kwenda kuyaona wenyewe kesho asubuhi, nyuma ya nyumba, bila kutoa hata shilingi.

Nianze na swali. Umepata kuona utando wa buibui wenye mchoro mweupe katikati? Sisemi zile nyuzi nyembamba zinazokunasa usoni ukipita njiani alfajiri. Nasema mchoro mnene, mweupe pe, uliokwenda kwa zigizaga, unaoonekana hata ukiwa hatua kadhaa mbali. Wengi mtaniambia: ndiyo, nimeuona, na buibui mwenyewe alikuwa amekaa pale pale katikati, kichwa chini, miguu ameiunganisha miwili miwili, akawa kama ameandika herufi X kwa mwili wake.

Sasa swali la pili, na hili ndilo lililonileta leo. Je, umewahi kumtazama mtoto wake?

Mtoto wa buibui huyu hafumi X. Hafumi mstari. Yeye hufuma duara. Duara jeupe, lililojaa, katikati kabisa ya utando, na mwenyewe hukaa juu yake. Siku zinavyokwenda, anapokua, duara lile huachwa, na mahali pake huja mchoro wa wakubwa. Kwa nini? Kwa nini mkubwa awe na mchoro mmoja na mdogo awe na mwingine, ilhali hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha? Hebu tulifuate jambo hili polepole.

Kwanza tumfahamu mwenyeji wetu. Wataalamu humwita Argiope. Ni jenasi ya buibui wanaofuma tando za mviringo, yenye spishi zaidi ya 80 duniani, na huku kwetu Afrika Mashariki wapo. Yupo Argiope australis, mwenye mistari ya njano, nyeusi na nyeupe tumboni. Yupo Argiope lobata, mwenye rangi ya fedha, na kingo za tumbo lake zimetokeza-tokeza. Utawakuta kwenye nyasi ndefu, kwenye ua wa michongoma, kati ya majani ya mkonge na ya mishubiri, kwenye vichaka vya pembeni mwa shamba. Wanapenda mahali penye jua na penye wadudu wanaopitapita.

Mtu anaweza kuuliza: je, ana sumu? Ana sumu ya kuulia panzi na nzi, kama walivyo karibu buibui wote. Kwa binadamu mzima hana hatari. Ukimbana mkononi anaweza kuuma, na utasikia maumivu ya muda, yakaisha. Lakini yeye hana haja na wewe. Ukimkaribia, atakalofanya ni kujificha, au kuutikisa utando wake kwa nguvu mpaka umbo lake lisionekane vizuri, au kujiachia chini kwa uzi. Hatakurukia. Kwa hiyo mzazi usiogope mtoto wako akikaa kumtazama. Mwambie tu asimshike.

Na huyo mkubwa mnayemwona ni jike. Jike anaweza kufikia sentimita mbili na zaidi kwa mwili peke yake, bila kuhesabu miguu. Dume ni mdogo sana, milimita chache, mwembamba, wa rangi ya kahawia. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi humwona dume pembeni ya utando wa jike wakadhani ni mtoto wake. Siye. Mtoto hakai kwa mkubwa. Mtoto ana utando wake mwenyewe, mdogo, na mara nyingi uko chini zaidi, kwenye nyasi fupi na vijiti vya chini, mahali ambapo macho yetu huwa hayafiki.

Anafikaje huko? Jike hutaga mayai yake kwa mamia ndani ya kifuko cha hariri, akakifunga vizuri kwenye majani. Watoto huanguliwa humo humo ndani, hujivua ngozi ya kwanza humo humo, kisha hutoka na kukaa pamoja kwa siku chache. Halafu hutawanyika. Mmoja mmoja hupanda juu ya ncha ya jani, huinua tumbo, hutoa uzi mwembamba hewani, na huyo anachukuliwa. Charles Darwin, akiwa baharini mwaka 1832 karibu na pwani ya Argentina, aliona vibuibui vidogo vimetua kwenye kamba za meli yao ilipokuwa maili kama 60 kutoka nchi kavu. Na mwaka 2018 watafiti wawili wa Bristol, Uingereza, Erica Morley na Daniel Robert, walionyesha kwamba hata pasipo upepo, nguvu ya umeme iliyoko hewani inatosha kumwinua buibui mdogo. Kwa hiyo huyo mtoto unayemkuta kwenye nyasi zako huenda alitua tu kutoka mbali. Ametua, ameangalia palipo, ameanza kufuma.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, wasikilizaji.

Mtoto huyu ana milimita tatu au nne. Hufuma katika saa za alfajiri, na kazi yake ina mpango. Hutandaza kwanza nyuzi za mzingo, zile zinazoshika vijiti. Kisha huvuta nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni. Kisha huzunguka kwa uzi mkavu, usionata, wa kushikilia tu nyuzi zile zisilegee. Baada ya hapo hugeuka, huanza pembeni kuja katikati, akiweka uzi wenye gundi na kuung'oa ule mkavu kadiri anavyokwenda. Uzi wa gundi ndio mtego wenyewe. Yote haya huyafanya katika giza au mwanga hafifu, kwa kupapasa kwa miguu, maana macho ya buibui wa jamii hii hayaoni vizuri.

Utando umekamilika. Wadudu wanaweza kunaswa. Sasa, kazi ikiwa imekwisha, mtoto huyu hufanya jambo moja zaidi. Hurudi katikati, hubandika matundu yake ya kutolea uzi kwenye nyuzi za pale, na kuanza kuyumbisha tumbo: kushoto, kulia, kushoto, kulia, huku akizunguka taratibu. Na kinachotoka safari hii ni utepe wa nyuzi nyingi mno, nyembamba mno, zinazotoka kwa pamoja. Ndiyo maana unakuwa mweupe. Anazunguka, utepe unapanda juu ya utepe, kama mshonaji wa kawa anayezungusha ukili kutoka katikati kwenda nje. Akimaliza ana duara jeupe ambalo ni pana kuliko mwili wake, na anakaa katikati yake, miguu imekunjwa.

Ukiwa na subira, hapo ndipo utaona jambo zuri zaidi. Sogeza mkono wako polepole upande ule aliokaa. Usiguse kitu. Sogeza tu mkono mpaka kivuli kimfikie. Mara nyingi utamwona anapita pembeni kidogo, na kufumba na kufumbua yuko upande wa pili wa duara. Humwoni tena. Unaona duara jeupe tu. Ukizunguka upande ule, naye anarudi huku. Nimewaonyesha watoto wa jirani jambo hili, na walikaa pale wakimzungukia mpaka wakaitwa kula.

Basi duara lile, kwa mtoto, ni mahali pa kujificha. Nalisema bila kusita kwa sababu tendo lenyewe unaliona kwa macho. Ni ngao, na ni pazia. Kama pia linampa kivuli dhidi ya jua, kama baadhi ya wataalamu walivyowahi kusema, hilo nalo linaweza kuwa faida ya ziada. Lakini mwenye mwili mdogo namna ile, anayeweza kufunikwa mzima na duara la hariri, ana sababu ya kutosha ya kulifuma.

Je, akikua? Buibui hukua kwa kujivua ngozi, mara baada ya mara. Na kila anapojivua na kuongezeka, mchoro hubadilika. Kwa Argiope versicolor, anayeishi Singapore na nchi jirani, watafiti walieleza wazi: wachanga hufuma duara, wakubwa hufuma X. Katikati ya safari hiyo kuna kipindi ambacho unakuta duara limeanza kuota mkono mmoja au miwili ya zigizaga, nusu ya utoto na nusu ya ukubwa. Spishi nyingine, zikikua, hufuma mstari mmoja uliosimama, kipande juu ya buibui na kipande chini yake. Na hata mkubwa habaki na mchoro mmoja. Leo ana mikono minne, kesho miwili, keshokutwa hana kabisa. Nawaomba mlishike hilo: hata buibui mmoja, katika utando uleule alioujenga upya mahali palepale, hubadilisha mchoro siku hadi siku.

Sasa tuingie kwenye ubishi. Maana upo ubishi, wasikilizaji, na umedumu zaidi ya miaka 100.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwepo Mfaransa mmoja, Eugène Simon, bingwa mkubwa wa elimu ya buibui. Yeye aliona mchoro ule akasema: kazi yake ni kuuimarisha utando, usiyumbe. Jina la kitaalamu la mchoro huo, au pambo, ni stabilimentum, nalo lina maana hiyo hiyo ya kuimarisha. Lakini ukiutazama utepe ule kwa karibu, umelala juu ya nyuzi kwa ulegevu. Haukuvutwa kama kamba ya hema. Na tena, ingekuwa ni uimara, kwa nini leo aweke na kesho asiweke? Wachunguzi wengi wakaliacha wazo hilo, jina likabaki.

Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Thomas Eisner na Stephen Nowicki, wakafanya jaribio ambalo mtoto wa shule anaweza kulielewa. Walichukua tando za buibui wasiofuma mapambo, wakazipachika michoro myeupe ya kutengeneza kwa mkono. Nyingine wakaziacha zilivyo. Asubuhi, ndege walipoanza kuruka, tando zisizo na alama zilikatika kwa wingi, na zenye alama nyingi zilibaki. Wao wakasema: pambo ni tahadhari kwa ndege. Ndege anaona, anakwepa, na buibui hahitaji kujenga upya.

Ni hoja yenye nguvu. Lakini miaka saba baadaye, mwaka 1990, Catherine Craig na Gary Bernard wakaja na jambo lingine. Hariri ya pambo hurudisha mwanga wa urujuanimno, ule mwanga ambao macho yetu hayauoni lakini nyuki na wadudu wengi wanauona vizuri. Maua mengi nayo yana alama za mwanga huo huo, za kumwelekeza nyuki. Basi wao wakasema: pambo ni chambo. Mdudu anavutwa anakokwenda kufa. Na Craig akaendelea kuchunguza nyuki wadogo wasiouma huko Panama, akaona kwamba nyuki hao wana akili ya kujifunza: mmoja akiponea chupuchupu kwenye utando wenye mchoro fulani, anaukumbuka. Mchoro ukibadilika kila siku, kujifunza kunakuwa kugumu. Mnaona sasa kwa nini nilisema mlishike lile la kubadilika siku hadi siku?

Mngedhani ubishi umekwisha. Haukwisha. Todd Blackledge na John Wenzel, mwaka 1999, walipolinganisha tando zenye mapambo na zisizo nayo, waliona kwamba zenye mapambo zilinasa wadudu wachache zaidi, pungufu ya karibu theluthi, lakini ndege waliziharibu kidogo zaidi. Kwa hiyo kwa buibui wao, pambo lilikuwa gharama inayolipwa ili kununua usalama. Huko Taiwan, mwaka 2007, Ren-Chung Cheng na I-Min Tso wakaona kinyume kwa spishi nyingine: mapambo yaliongeza wadudu walionaswa, na papo hapo yakaongeza maadui waliomjia buibui.

Na maadui wanaovutwa wapo kweli. Mwaka 2001, kule Singapore, watafiti Seah na Li walionyesha kwamba Portia labiata, buibui mrukaji anayekula buibui wenzake, huvutwa na tando zenye pambo. Mwaka huo huo huko Australia ikaonekana kwamba vunjajungu naye huvutwa hivyo hivyo. Portia ana jamaa zake huku kwetu pia; yupo Portia africana, aliyechunguzwa kando ya Ziwa Victoria, pale Mbita Point nchini Kenya.

Basi nani mkweli? Mimi nimesoma hoja hizi na nimewatazama buibui wenyewe, na naona kosa liko katika kutafuta jibu moja kwa maisha yote ya kiumbe huyu. Mdogo wa milimita tatu na mkubwa wa sentimita mbili hawaishi dunia moja. Maadui wao ni tofauti, mawindo yao ni tofauti. Mkubwa hawezi kujificha nyuma ya duara. Lingehitaji hariri nyingi mno. Mdogo hana haja ya kumwonya ndege kwa ajili ya utando wa upana wa kiganja. Kwa hiyo nikiulizwa tuanzie wapi kulielewa pambo hili, nasema tuanzie kwa watoto, na tuwafuate hatua kwa hatua mpaka wakubwa. Pale mchoro unapobadilika ndipo kazi yake inapobadilika. Watu wengi hupiga picha ya jike mkubwa kwa kuwa anapendeza. Jike mkubwa ni sura ya mwisho ya habari ndefu.

Nitawapa mfano wa adui mmoja mnayemjua nyote. Inua macho utazame kona ya dari ya baraza, au nyuma ya mlango, au ukutani chini ya paa. Si kuna vijumba vya udongo? Vile ni vya nyigu wa kundi la Sceliphron, wenye kiuno chembamba mno. Nyigu jike huchota tope mdomoni, hujenga chumba, kisha huenda kuwinda. Anawinda nini? Buibui. Humchoma mwiba, humfanya apooze bila kumwua, humbeba hewani, humsukumia chumbani. Huongeza mwingine, na mwingine, mpaka chumba kijae. Hutaga humo yai moja, na chumba kikijaa huziba mlango. Yai likianguliwa, funza anakuta chakula kibichi kinamngoja. Ukipata kijumba kilichoanguka kwa mvua, kivunje utazame: humo ndani wamo buibui, wengi wao wafumaji wa tando za mviringo, na wengi ni wachanga, kwa sababu mkubwa habebeki.

Mwaka 2001 Blackledge na Wenzel walichunguza jambo hili hasa, nyigu wa udongo na buibui wa Argiope, wakaona kwamba waliokaa kwenye tando zenye mapambo walinusurika na nyigu zaidi kuliko wasio nayo. Fikiria basi mtoto wetu wa milimita chache na duara lake. Nyigu anatua. Kuna duara jeupe mbele yake, na windo liko upande wa pili. Muda mfupi tu wa kukosea unamtosha mtoto kujiachia chini kwenye nyasi.

Kuna swali moja ambalo huwa naulizwa. Hariri hii si gharama? Mbona buibui anaipoteza kwa mapambo? Jibu lake lina utamu wake. Hariri ya pambo ni ile ile anayotumia kufunga mawindo. Panzi akinaswa, Argiope hamwendei kwa meno kwanza. Humtupia shuka la hariri, akimzungusha kwa miguu mpaka akawa mzigo mweupe, ndipo amng'ate. Mwaka 2008 André Walter na wenzake waliandika kwamba buibui waliotumia uzi mwingi wa kufungia walifuma mapambo makubwa zaidi baadaye. Inaonekana tezi zinazotoa hariri hiyo, zikishatumika sana, huamka na kutoa kwa wingi. Na waliowachunguza buibui hawa waliona tena kwamba aliyeshiba hufuma pambo kuliko mwenye njaa. Kwa hiyo ukiona pambo kubwa, kuna uwezekano mzuri kwamba mwenye nyumba jana alikula. Na utando wenyewe haupotei: huula karibu wote anapoubomoa, akatumia kilichomo kufuma mwingine.

Sasa tuje kwenye namna ya kutazama, maana najua wapo mnaotaka kuanza kesho.

Toka mapema, jua likiwa bado liko chini. Tembea ukilikabili jua, ili mwanga uje kwako ukipitia kwenye tando. Ukilipa mgongo nyuzi hazionekani. Inama. Nasema tena, inama, kwa sababu watoto wako chini, usawa wa goti na chini ya goti. Umande ukiwepo umesaidiwa. Usipokuwepo, chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kulowanishia nguo za kupiga pasi, unyunyize kwa mbali matone madogo kabisa. Usinyunyize unga. Wapo wanaonyunyiza unga ili utando uonekane kwenye picha, lakini buibui huyu huula utando wake, na unga ule huziba gundi. Umemharibia kazi ya siku nzima.

Uwe na daftari. Andika tarehe na saa. Andika mahali: ua wa mbele, mche wa tatu toka mlangoni. Chora umbo la pambo. Mchoro mbaya una faida kuliko kumbukumbu nzuri. Pima duara kwa rula bila kugusa. Andika buibui amekaa upande gani wa duara, wa jua au wa kivuli. Andika kama kuna mabaki ya mawindo. Kama hakuna pambo, andika hakuna. Hilo nalo ni jibu. Kisha rudi kesho mahali pale pale. Narudia, kesho, pale pale. Kumtazama buibui mmoja siku nyingi mfululizo kunakufunza mengi kuliko kutazama buibui wengi siku moja. Hapo ndipo utakapoona siku duara lilipoota mkono wa kwanza, na pengine ukute kwenye nyuzi ngozi kuukuu aliyoivua, nyepesi, ina miguu yote minane.

Walimu mnaonisikiliza, hili ni somo lisilohitaji maabara. Darasa zima linaweza kugawana ua wa shule. Kila kundi lichukue buibui wake, na mwisho wa muhula mlinganishe: wa upande wa jua kali walifuma nini, wa kivulini walifuma nini, baada ya mvua ilikuwaje. Maswali ambayo watafiti wa Panama, Taiwan na Australia wameyauliza juu ya buibui wao, spishi zetu za huku zinayasubiri.

Najua pia tuna mazoea ya kufagia. Ufagio wa Jumamosi hauchagui. Ndani ya nyumba sawa, safisha. Lakini ua wa nje, kwa nini? Tuna sababu zetu wenyewe za kumheshimu kiumbe huyu. Wasikilizaji Waislamu wanakijua kisa cha pango la Thaur, ambamo Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alijificha pamoja na Abubakar wakati wa Hijra, na buibui akafuma utando mlangoni, waliokuwa wakiwafuatia wakarudi. Wapo wazee wa mwambao ambao mpaka leo, kwa ajili ya kisa hicho, hawaruhusu umwue buibui mbele yao. Na ukitaka sababu ya shambani, mtazame Argiope akifunga panzi. Ukitaka sababu ya afya, pale pale Mbita Point, kwenye kituo cha icipe, shirika la utafiti lililoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, Robert Jackson na wenzake walimchunguza Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa kando ya Ziwa Victoria, ambaye hupenda kula mbu waliokwisha kunywa damu. Huyo hafumi utando wa mviringo, ni wa ukoo mwingine, lakini aligunduliwa kuwa na tabia hiyo kwa njia hii hii ninayowaomba: watu waliinama wakatazama.

Muda wetu umekwenda. Ombi langu kwenu ni dogo. Chagueni kipande kimoja cha ua, hata kama ni hatua tatu tu, msikifyeke na msikifagie mpaka msimu wa mvua uishe. Mkiona duara jeupe humo, mwiteni mtoto, mpeni daftari na kalamu, mwacheni aandike. Na mkishajaza kurasa, tuleteeni hapa studioni. Tutazisoma hewani, moja baada ya nyingine.